Jina la Mjenzi: Maisha na Kazi za Eileen Gray

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huona samaki kwa macho na kunusa embe kwa pua. Katika kazi za sanaa na ujenzi ukweli wake ni nusu. Nyumba nzuri huweza kusifiwa na kila aipitaye, ikanunuliwa kwa mali nyingi na kuandikwa vitabuni, na huku jina la aliyeibuni likapotea, au jina la mtu mwingine likawekwa mahali pake. Kizuri hujiuza, walakini hakina kinywa cha kumtaja aliyekitenda. Maisha ya Bibi Eileen Gray, mpambaji wa nyumba na msanifu wa majengo aliyezaliwa Ireland na kufanya kazi Ufaransa, ni ushahidi mkubwa wa jambo hili. Kazi zake zilidumu kwa muda wa nusu karne na zaidi. Kwa sehemu kubwa ya muda huo walikuwapo watu waliozitazama na kuzisifu pasipo kujua kuwa ni zake.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1878 katika nyumba ya Brownswood, karibu na mji wa Enniscorthy, jimbo la Wexford. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha aliyependa safari kuliko utulivu, na hatimaye aliiacha nyumba yake akaenda kukaa Italia ili achore huko. Mama yake alikuwa mtu wa ukoo wa kikabaila, na katika mwaka 1895 alirithi cheo cha ukoo huo. Tangu hapo watoto waliacha jina la baba yao, Smith, wakaitwa Gray. Kwa hiyo binti huyu, akiwa na umri wa miaka 16 au 17 tu, aliona kwamba jina ni nguo: mtu huvishwa, na huvuliwa, na asiulizwe shauri.

Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika shule ya sanaa ya Slade huko London, ambako wasichana wa familia kama yake walijifunza kuchora kwa kusubiri kuolewa. Yeye hakusubiri. Katika mwaka 1902 alihamia Paris kuendelea na masomo ya kuchora. Walakini jambo lililoamua maisha yake halikutoka katika darasa lo lote. Katika mtaa wa Soho, London, aliona duka la fundi aliyetengeneza vyombo vya zamani vya Mashariki ya Mbali vilivyopakwa utomvu wa mti ambao Wajapani huuita urushi. Aliomba afundishwe, akakubaliwa. Aliporudi Paris katika mwaka 1906 alikutana na Seizo Sugawara, fundi kijana kutoka kaskazini ya Japani. Bibi Gray akawa mwanafunzi wake, kisha mwenzi wake wa kazi, na ushirika wao ukadumu kwa miaka mingi.

Yafaa kueleza ufundi huu, kwa sababu tabia yote ya Bibi Gray ilichongwa nao. Utomvu wa urushi hupakwa juu ya mbao iliyolainishwa vizuri. Mkono mmoja wa utomvu ni mwembamba kama utando wa yai. Ukishapakwa huachwa ukauke siku kadhaa, na ajabu yake ni kuwa haukauki penye jua wala upepo. Hukauka katika chumba chenye unyevu. Ukikauka husuguliwa kwa jiwe laini, kisha hupakwa mkono mwingine, ukasuguliwa tena, mpaka ifike mikono ishirini, hata thelathini. Chembe moja ya vumbi huweza kuharibu kazi ya miezi. Tena utomvu huo una sumu, na mikono ya Bibi Gray ilipatwa na ugonjwa wa ngozi ambao ni kodi ya kila ajifunzaye kazi hii. Aliuvumilia. Mwisho alipata weusi wenye kina kama maji ya kisima usiku, na wekundu uliokoza, na hata buluu, rangi ambayo ni vigumu kuipata katika utomvu huo. Mtu aliyefundishwa na kazi kama hii hujua mambo mawili: kuwa uzuri ulio juu hutegemea tabaka nyingi zisizoonekana chini yake, na kuwa haraka haina baraka.

Wakati huo huo alijifunza ufundi wa pili. Pamoja na rafiki yake, Evelyn Wyld, alisafiri Moroko, ambako wanawake wa huko waliwaonyesha namna ya kutia sufu rangi na kuifuma. Waliporudi walifungua karakana ya mazulia mjini Paris. Bibi Gray alichora michoro ya mazulia, na mwenzake akasimamia ufumaji. Nyumba aliyoipanga katika barabara ya Bonaparte katika mwaka 1907, na kuinunua baadaye, ilikuwa makao yake mpaka siku ya kufa, karibu miaka 70. Mtu aliyetengenezea wengine nyumba nyingi alitosheka na moja kwa maisha yake ya Paris.

Katika mwaka 1913 alionyesha kazi zake hadharani katika maonyesho ya wapambaji wa nyumba. Jacques Doucet, mshoni mkubwa wa nguo za kitajiri na mkusanyaji wa vitu vya sanaa, alivutiwa, akanunua kwake kiambaza cha kukunja chenye kurasa nne, chekundu upande wa mbele, kilichoitwa Le Destin, yaani Ajali. Kiambaza hiki kilitiwa sahihi ya fundi na mwaka 1914. Jambo hilo ni dogo lakini lastahili kukumbukwa, maana Bibi Gray hakuwa na mazoea ya kutia sahihi kazi zake. Vingi katika viti, meza na mazulia aliyoyatengeneza vilitoka mikononi mwake bila alama yo yote.

Vita Kuu ya kwanza ilikatiza kazi. Aliendesha gari la wagonjwa kwa muda, kisha akavuka kwenda London pamoja na Sugawara, na baadaye akarudi Paris. Vita vilipokwisha, alipewa kazi ya kupamba nyumba nzima ya mwanamke tajiri mwenye duka maarufu la kofia lililoitwa Suzanne Talbot, katika barabara ya Lota. Humo alifanya jambo ambalo wapambaji wa wakati ule hawakulifikiri. Ukumbi mwembamba wa kuingilia aliufunika kwa mamia ya vibao vidogo vya urushi, vilivyopangwa mfano wa matofali. Na ulipofika mwisho wa ukumbi, vile vibao viliachana na ukuta, vikageuka pembeni mwa chumba kuwa kiambaza. Ukuta ukawa chombo, na chombo kikawa ukuta. Kutoka hapo aliunda viambaza vinavyosimama peke yake, vya vibao vilivyotungwa katika fimbo za chuma, vinavyofunguka na kufungika kama mtu apendavyo. Kwa nyumba hiyo hiyo alitengeneza kiti cha ngozi chenye mikono iliyochongwa kwa umbo la majoka mawili. Kiti hicho kiliuzwa mnadani Paris katika mwaka 2009 kwa bei ya karibu euro milioni 22. Methali ya kizuri chajiuza ilitimia, lakini zilikuwa zimepita miaka 90, na fundi alikuwa kaburini zaidi ya miaka 30.

Katika mwezi wa Mei 1922 alifungua duka lake mwenyewe katika barabara ya Faubourg Saint-Honoré, mojawapo ya barabara za fahari za Paris. Juu ya mlango aliandika Jean Désert. Hakuwako mtu wa jina hilo duniani. Jean ni jina la mwanamume wa Kifaransa kama Juma au Ali kwetu. Na Désert ni jangwa, kwa ukumbusho wa majangwa ya Afrika ya Kaskazini aliyoyapenda. Mnunuzi aliyetaka kuonana na Bwana Désert hakumpata kamwe. Sababu za mwanamke kujificha nyuma ya jina la mwanamume si ngumu kuzikisia katika mji ambao biashara, majengo na magazeti yalikuwa mikononi mwa wanaume. Walakini hila hiyo ilikuwa na gharama yake. Mtu akijenga pazia kwa ajili ya kujilinda, asistaajabu watu wakizoea kulitazama pazia.

Katika mwaka 1923 alionyesha chumba kimoja kilichokusudiwa kwa nyumba ya kufikirika ya Monte Carlo, chenye kitanda cha urushi, viambaza vyeupe na taa za maumbo mageni. Waandishi wa Paris walikicheka, na mmoja akakifananisha na mambo ya sinema za kutisha. Sifa zilitoka mbali. Huko Uholanzi, ambako kundi la wasanifu vijana lilikuwa likitafuta njia mpya ya ujenzi, kazi yake ilitambuliwa, na katika mwaka 1924 jarida la Wendingen likatoa toleo zima juu yake. Nabii hakosi heshima isipokuwa kwao, na Paris palikuwa ndipo kwao.

Mtu aliyemsukuma kutoka katika upambaji kwenda katika usanifu wa majengo alikuwa Jean Badovici, kijana msomi kutoka Rumania, mhariri wa jarida la majengo lililoitwa L'Architecture Vivante. Alikuwa mdogo wa Bibi Gray kwa miaka 15. Alimwuliza kwa nini hajengi. Bibi Gray hakuwa amesoma shule yo yote ya usanifu, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50, wakati ambao watu wengi huona kuwa mlango wa elimu umekwisha kufungwa. Yeye alianza kusoma upya kama mtoto wa shule: alisoma vitabu, alichora ramani za nyumba ambazo hazikukusudiwa kujengwa, alisafiri na Badovici kutazama majengo mapya ya Ujerumani na Uholanzi, na alijifunza kwa msanifu mwanamke, Adrienne Gorska, maarifa ya mkono.

Katika mwaka 1926 alianza kujenga nyumba yake ya kwanza. Kiwanja kilikuwa Roquebrune-Cap-Martin, kusini ya Ufaransa, juu ya mteremko wa mawe unaoshuka baharini. Kiliandikwa kwa jina la Badovici. Gari halikuweza kufika. Vifaa vilisukumwa kwa toroli. Kwa muda wa miaka mitatu Bibi Gray alikaa sana huko pamoja na mafundi, akitazama mahali jua linapochomoza na linapotua katika kila majira, na upepo unavyovuma, kabla ya kuamua mahali pa dirisha. Nyumba ilikwisha katika mwaka 1929.

Ilipewa jina kama la fumbo: E 1027. Herufi E ni Eileen. 10 ni herufi ya kumi ya alfabeti ya Kifaransa, yaani J ya Jean. 2 ni B ya Badovici. Na 7 ni G ya Gray. Majina mawili yalifumwa kama ukili wa mkeka: la mwanamke limetangulia na limemaliza, na la mwanamume liko katikati. Aliyejua hesabu yake alisoma watu wawili waliopendana. Asiyejua aliona nambari tu, kama nambari ya sanduku la posta.

Kwa nje nyumba hii ilifuata kanuni mpya za wakati wake, hasa zile zilizotangazwa na Le Corbusier, msanifu mwenye sauti kubwa kupita wote katika karne yake. Ilisimama kwa sehemu juu ya nguzo. Paa lake lilikuwa bapa, na ngazi ya mzunguko ilipanda mpaka juu yake. Kuta zilikuwa nyeupe, na madirisha marefu yalilala kuelekea bahari. Mwenye kuitazama kutoka katika mashua angeifananisha na meli iliyopandishwa ufukoni. Walakini aliyeingia ndani alikuta fikira nyingine. Le Corbusier alikuwa amesema kuwa nyumba ni mashine ya kukaa ndani yake. Bibi Gray hakukubali. Kwake nyumba ilikuwa ni mfano wa gamba kwa konokono: humea pamoja na mwenyewe, na hufuata mwili na roho yake. Mashine humtaka mtu aizoee. Gamba limezoea mtu tangu mwanzo.

Fikira hiyo haikubaki maneno. Iliingia katika vitu vidogo ambavyo wasanifu wakubwa waliviona kuwa chini ya hadhi yao. Meza ya chai ilifunikwa kwa kizibo laini ili vikombe visilie. Kioo cha kunyolea kilikuwa na kioo kingine kidogo kilichotokeza mkono, ili mtu aone kisogo chake. Droo zilizunguka kwenye mhimili badala ya kuvutwa, na kila kabati ilionyesha kwa maandishi kitu kinachowekwa humo. Ukutani palikuwa na maneno ya utani yaliyoandikwa kwa herufi za kupigwa chapa: mlangoni mgeni aliambiwa aingie taratibu, na mahali pengine alikatazwa kucheka. Kila chumba, ijapokuwa nyumba ni ndogo, kilikuwa na njia yake ya kutokea nje, ili mtu awe pamoja na wenzake na bado aweze kuwa peke yake. Na ilikuwako meza ya duara ya kioo na mabomba ya chuma, yenye mguu wa pembeni, inayopandishwa na kushushwa kwa kufuli na mnyororo wake. Inasemekana aliibuni kwa ajili ya dada yake, aliyependa kula chakula cha asubuhi kitandani, ili chembe za mkate zisimwagike juu ya shuka. Meza hiyo sasa imo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, na mifano yake huuzwa dunia nzima. Wengi wainunuao hawajui habari za dada wala chembe za mkate.

Katika mwaka 1929 jarida la Badovici lilitoa toleo maalum juu ya nyumba hii, na majina ya wote wawili yaliandikwa. Wataalamu hawajakubaliana mchango wa Badovici ulikuwa mkubwa kiasi gani. Hapana shaka alishauri na alihimiza. Walakini michoro, vyombo na miaka ile mitatu ya vumbi la saruji vinamwelekea Bibi Gray. Baada ya muda mfupi wawili hao waliachana. Mwanamke akaondoka, na nyumba ikabaki kwa yule ambaye jina lake lilikuwa katika hati ya kiwanja. Duka la Jean Désert nalo lilikuwa limefungwa katika mwaka 1930.

Alijenga tena, mara hii kwa ajili yake mwenyewe, huko Castellar katika milima iliyo juu ya mji wa Menton, kati ya miaka 1932 na 1934. Msingi wake ulikuwa matangi matatu ya kale ya mawe ya kuhifadhia maji ya mvua. Aliita nyumba hiyo Tempe a Pailla, maneno yatokanayo na methali ya watu wa huko kuwa tini huiva kwa muda na kwa majani makavu. Ni methali ya watu wenye subira, na ilimfaa fundi wa urushi.

Katika mwaka 1938 Le Corbusier alikuwa mgeni wa Badovici katika nyumba ya E 1027. Aliistaajabia, akamwandikia Bibi Gray barua ya kuisifu. Kisha, katika mwaka huo na ule uliofuata, alichukua brashi akachora katika kuta zile nyeupe picha kubwa za rangi kali. Mwenye hati aliruhusu. Mwenye kubuni hakuulizwa. Habari zilipomfikia, Bibi Gray alikihesabu kitendo hicho kuwa uharibifu. Ni rahisi kwa mtu wa mbali kusema kuwa ukuta mtupu haupotewi na kitu ukichorwa na msanii mkubwa. Lakini ukuta ule haukuwa mtupu. Weupe wake ulikuwa umepimwa kupokea mwanga wa bahari, na maandishi yake madogo yalikuwa yametosha. Picha kubwa ukutani ni namna ya sahihi, na sahihi iliyoandikwa juu ya kazi ya mtu mwingine husomwa na wapitao kuwa ni ya mwenye kazi. Badovici mwenyewe alifika mahali pa kumlaumu rafiki yake kwa barua baada ya vita. Picha za michoro hiyo zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na jina la Eileen Gray halikuwamo.

Vita vya pili vilimaliza yaliyobaki. Kwa kuwa alikuwa raia wa kigeni, Bibi Gray alilazimishwa kuondoka pwani akaenda kukaa bara. Vitu alivyoviweka katika mji wa Saint-Tropez viliangamia katika mabomu. Tempe a Pailla iliporwa. Na kuta za E 1027 zilitobolewa kwa risasi za askari. Alipotimiza miaka 67 alikuwa amepoteza michoro, samani na sehemu kubwa ya ushahidi wa maisha yake. Hata hivyo hakuacha kazi. Kuanzia mwaka 1954 aligeuza kibanda cha mawe karibu na Saint-Tropez kuwa nyumba, na alipoimaliza alikuwa amepita miaka 80.

Badovici alikufa katika mwaka 1956, na nyumba ya ufukoni ikauzwa katika mwaka 1960. Le Corbusier, aliyekuwa amejenga kibanda chake cha mbao karibu nayo katika mwaka 1952, alisaidia kumtafuta mnunuzi atakayeihifadhi pamoja na michoro yake. Tarehe 27 Agosti 1965 alikufa akiogelea katika bahari iliyo chini yake. Kwa miaka hiyo yote, katika maandishi mbalimbali, E 1027 ilihesabiwa kuwa kazi ya Badovici, na wengine wakaidhania kuwa kazi ya Le Corbusier. Hapakuwa na haja ya mtu kusema uwongo wa makusudi. Ilitosha kuwa mwandishi mmoja asiulize, wa pili amnukuu wa kwanza, na wa tatu awaamini wote wawili. Hivi ndivyo kosa linavyovaa joho la elimu.

Wako wasemao kuwa Bibi Gray alijitakia. Aliona haya mbele ya watu, hakuwa na mazoea ya kutia sahihi, aliuza kwa jina la mwanamume asiyekuwako, na katika uzee wake alichoma barua na picha zake za faragha. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini inachanganya mambo mawili. Mtu anayo haki ya kunyamaza juu ya nafsi yake. Kunyamaza kwake si hati ya kumpa mtu mwingine kazi yake. Mwenye shamba asiyepiga kelele hajagawa shamba.

Kurudi kwa jina lake kulianza na mtu mmoja aliyeuliza. Katika mwaka 1968 mwanahistoria wa majengo, Joseph Rykwert, aliandika makala juu yake katika jarida la Domus la Italia. Miaka minne baadaye mali ya Jacques Doucet ilipigwa mnada Paris, na kile kiambaza chekundu kikatokea hadharani kikiwa na sahihi yake ya mwaka 1914. Wanunuzi walishindana, waandishi wa habari walitaka kujua ni nani huyu Gray, na jawabu likawa kwamba yu hai, ana umri wa miaka zaidi ya 90, na anakaa katika barabara ya Bonaparte kama alivyokaa tangu mwaka 1907. Sahihi moja kati ya chache ndiyo iliyotoa ushahidi. Mwaka huo huo wa 1972 Uingereza ilimpa heshima yake kubwa ya wabunifu, na katika mwaka uliofuata mfanya biashara wa London, Zeev Aram, alianza kushauriana naye ili viti na meza zake zitengenezwe upya. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1976, na umri wake ulikuwa miaka 98.

Nyumba ya E 1027 ilipitia mateso mengine baada yake. Vyombo vyake viliuzwa, mmiliki wake wa mwisho aliuawa humo katika mwaka 1996, na wavunja nyumba wakaingia na kutoka watakavyo. Katika mwaka 1999 ilinunuliwa na taasisi ya Ufaransa ya kuhifadhi pwani, ikatengenezwa kwa miaka mingi, na katika mwaka 2015 watu wakaanza kuruhusiwa kuizuru. Hapa historia ina mzaha mchungu. Watu wengi walioipigania wasiiache ibomoke walisukumwa na michoro ya Le Corbusier iliyokuwamo. Kitu kilichofunika jina la mjenzi ndicho kilichosaidia kuokoa kazi yake, na watengenezaji hawakuifuta michoro hiyo. Mgeni aingiaye leo huona mambo yote mawili katika ukuta mmoja: kazi, na dhuluma iliyotendwa juu ya kazi. Pengine ni afadhali ibaki hivyo. Ukuta uliosafishwa kabisa ungesema uwongo wa namna nyingine.

Watu wa Ireland nao walinunua karatasi na vyombo vilivyosalia katika nyumba yake, wakaviweka katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin, ambako vimeonyeshwa tangu mwaka 2002. Huko mwanafunzi aweza kuona brashi zake za urushi na unga wa rangi zake, na kukadiria mwenyewe mikono ishirini ya utomvu ni kazi gani.

Mwili wake uko katika makaburi ya Père Lachaise, Paris. Ada ya kaburi haikulipwa, na mahali pake hapatambulikani. Lakini katika mteremko wa Cap-Martin, penye nyumba iliyoandikwa kwa jina la mwingine na kuchorwa na mwingine, wageni wafikao sasa huambiwa kwanza ni nani aliyeijenga.